Damu ya Joshua

Mama Joshua alimketisha mposaji upande usio wake, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwao Mvumi. Viti vilikuwa vimepangwa sebuleni tangu alfajiri, vya wageni karibu na mlango, vya wenyeji chini ya picha ya marehemu Joshua. Elisante aliingia nyuma ya mshenga wake, mzee Batholomeo, akiwa na suti ya kijivu iliyonyooka na viatu ambavyo vumbi la njiani lilikuwa limeshavibadilisha rangi. Akaelekea kwenye viti vya wageni kama alivyofundishwa. Hata hajakaa vizuri, Mama Joshua akamshika mkono na kumwinua.

"Wewe nawe! Unakaa na wageni? Dada yako anaposwa leo. Njoo huku kwetu, mwanangu. Nani atakaa mahali pa kaka yake kama si wewe?"

Elisante alitazama mlango wa chumbani. Zipora alikuwa amesimama nyuma ya pazia, kama inavyompasa binti anayeposwa, sahani ya karanga mkononi. Macho yao yakakutana kwenye upenyo mdogo wa pazia. Ya Elisante yaliuliza nifanyeje, na ya Zipora yakashuka kwenye karanga. Basi kijana wa watu akaenda akaketi chini ya picha, kati ya mama ambaye yeye alimtaka awe mama mkwe wake na baba mdogo Sostenes, mikono juu ya magoti.

Kosa lilikuwa la Zipora, tusimsingizie mtu. Alikuwa amemwambia mama yake maneno nusu: kuna kijana wa idara ya maji, Chamwino, anataka kuleta watu. Jina hakulitaja. Kila alipotaka kulitaja ulimi ulikuwa mzito, na mama yake kwa furaha zake akajijazia mwenyewe kwamba ni mwenzake Elisante kazini, na kwamba Elisante ndiye aliyewakutanisha, maana kaka mwema ndivyo anavyofanya. Zipora alikuwa mtu mzima, ana meza yake katika ofisi za Serikali kule Mtumba, watu wanasimama akiingia. Mbele ya mama yake alirudi kuwa mtoto wa darasa la tatu.

"Mbukwenyi," Mama Joshua alimsalimu mgeni.

"Mbukwa, mama," alijibu mzee Batholomeo, Mpare aliyestaafu ualimu, akijitahidi na Kigogo chake cha kuokoteza. Akakohoa. "Sisi tumepita hapa, tukasikia nyumba hii ina jiko zuri. Na kwetu kuna kijana anakula kwa mama ntilie mpaka anatia huruma."

Baba mdogo Sostenes akacheka. "Jiko lipo. Lakini anayeliomba tumwone kwanza. Mbona umekuja peke yako, mzee? Kijana mwenyewe yuko wapi?"

Mzee Batholomeo alikohoa tena, kikohozi kirefu zaidi.

"Kijana... kijana si mmemkalisha hapo kwenu."

Mama Joshua aligeuka akatazama nyuma yake, akidhani kuna mtu mwingine ameingia. Akatazama mlangoni. Halafu akamtazama Elisante, akaangua kicheko.

"Huyu? Mzee, Wapare mmeanza lini utani na Wagogo? Huyu ni kaka yake!"

Elisante alisimama.

"Mama, ni mimi. Mimi ndiye niliyekuja kuposa."

Kicheko cha Mama Joshua hakikukatika mara moja. Kilipungua kidogokidogo, mpaka sebule nzima ikawa inasikiliza kuku nje.

"Hapana," alisema kwa upole, kana kwamba anamsahihisha mtoto. "Hapana, mwanangu. Umechanganyikiwa."

Akamgeukia mshenga, akaanza kumweleza kwa subira, kwa kuwa ilikuwa dhahiri mzee wa watu hajaambiwa.

"Huyu alizaliwa mgonjwa. Mwaka hauishi bila majipu, leo mapafu, kesho ini. Wajomba zake walikufa wadogo, kaka yake akafa mdogo. Damu yake ilikuwa haiwezi kuua wadudu, ugonjwa wa ukoo upande wa mama yake. Ndipo Joshua wangu akasema, mimi nitampa rafiki yangu uboho wa mifupa yangu. Tukawaombea kanisani, wakaenda India wawili. Wakarudi wawili, huyu amepona, mnamwona alivyo na shingo. Halafu pikipiki ikaniulia Joshua barabara ya Mtera. Lakini Mungu hakumchukua wote. Alinibakizia."

Akaushika mkono wa Elisante, akaweka vidole viwili pale kwenye mshipa, kama alivyozoea kufanya kila Jumapili kijana alipokuja kula.

"Njoo ushike hapa, mzee. Huyu anayepiga hapa ni Joshua."

Mzee Batholomeo hakusogea.

"Mama, nakuelewa," alisema taratibu. "Lakini damu ya hospitali haina ukoo. Mimi mwenyewe niliwahi kuongezewa chupa mbili, sijui za nani. Ningekaa bila kuoa?"

"Wewe hujui za nani," alisema Sostenes. "Sisi tunajua za nani. Hapo ndipo tunapotofautiana, mzee wangu. Waliporudi India shemeji alichinja mbuzi, akamlisha huyu pande la ini kwa mkono wake, mbele yetu wote. Ni mtoto wa nyumba hii. Mtu haoi alikozaliwa. Hao watoto watakaopatikana tutawaita nani?"

Zipora alivumilia mpaka hapo. Akafungua pazia, jambo ambalo binti anayeposwa halifanyi, akatoka na sahani yake ya karanga.

"Shikamoo mzee. Baba mdogo, nisamehe. Mama, uboho si undugu. Ni tiba tu."

"Ni tiba?" Mama yake alimtazama machoni. "Nikuulize, Zipora. Huyu akija hapa Jumapili, akicheka, wewe humwoni kaka yako?"

Zipora alitaka kukana, ila alikuwa anamwona kweli. Si mara zote, lakini alikuwa anamwona. Uso ukamwaka moto. Akamgeukia Elisante, amsaidie. Huyu ndiye aliyelala kwenye kitanda cha hospitali, huyu ndiye aliyezungumza na madaktari. Aseme basi, awaeleze wazee kwamba damu ni damu tu na moyo ni mwingine.

Elisante aliutoa mkono wake polepole kwenye vidole vya Mama Joshua. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

"Mama, naomba nitoke nje kidogo," alisema, na akatoka.

Zipora alimkuta nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, amelegeza tai. Jua lilikuwa limeshapanda na ardhi nyekundu ilianza kurudisha joto. Alikuja na hasira zake mkononi.

"Umenyamaza! Mimi nimetoka chumbani, nimejiaibisha mbele ya mshenga, wewe umenyamaza! Ulikuja kuposa au ulikuja kupunga upepo?"

"Zipora, kaa kidogo."

"Sikai."

"Basi simama, lakini nisikilize mpaka mwisho. Sina uboho wa Joshua."

Alidhani hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Sina. Sikuwekewa. Hata tone. Kipimo cha kwanza cha huku kilisema tunafanana. Tulipofika kule wakapima kwa undani, wakasema hapana, wakiniwekea wa Joshua utanishambulia mimi mwenyewe. Wakatuambia kuna tiba nyingine, bado wanaifanyia utafiti, kama niko tayari kujaribiwa. Nikakubali. Ningekataa niende wapi?"

"Tiba gani nyingine?"

"Walitumia zangu." Alijigusa kifuani. "Walitoa seli zangu za shina, zile zinazozaa damu yote. Ndani ya kila moja kuna jeni, ni kama maelekezo, na kwenye zangu maelekezo ya kuua wadudu yalikuwa na kosa tangu nilipotungwa tumboni. Wakazipeleka maabara, wakarekebisha lile kosa. Mimi wakanipa dawa kali ya kusafisha mifupa, nywele zote zikanyonyoka. Halafu wakanirudishia zilezile, zikiwa zimerekebishwa. Kimfuko kidogo tu, Zipora. Kiliisha kuingia Joshua hajamaliza soda yake."

"Joshua alikuwepo?"

"Nje ya kioo. Kila siku alikuwa pale. Ananichekesha kwa ishara mpaka manesi wanamfukuza."

Zipora alishika ukingo wa tangi. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa furaha, na ilimjia bila aibu: basi si kaka yangu! Hakuna mwiko, hakuna mbuzi wala ini, twende tukawaambie wazee sasa hivi. Alikwishageuka nusu kuelekea mlangoni. Furaha ile ikafika katikati na kusimama, maana alimwona akilini mama yake na vile vidole viwili.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Kila Jumapili anakushika mkono, anasema Joshua anapiga, na wewe unamwachia?"

"Joshua ndiye aliyeniomba. Mama alikuwa ametangaza kanisa zima kwamba mwanawe anakwenda kutoa mifupa yake. Wakamwekea mikono. Sasa arudi aseme hakutoa kitu, alikaa tu nje ya kioo anakunywa soda? Akaniambia, Eli, niachie, nitamwambia mwenyewe nikipata nafasi. Tukafika, mama anachinja mbuzi, watu wanapiga vigelegele. Nafasi iko wapi? Halafu ile pikipiki." Alifuta uso kwa kiganja. "Siku ya mazishi mama yako alinikamata mkono pale kaburini. Akasema, hajaenda wote. Wewe ungesema nini? Niambie wewe ungesema nini pale."

Zipora aliuachia ukingo wa tangi.

"Nilisema nitamwambia baada ya arobaini. Ikapita. Nikasema baada ya mavuno. Nilikuja mara nyingi na maneno yangu nimeyapanga, namkuta ameniwekea mlenda na ugali wa uwele, ananisubiri kwenye jamvi. Nakula, ananishika mkono, naondoka."

"Na mimi?" Sauti ya Zipora ilipanda. "Mimi pia ulikuwa unanisubirisha mavuno? Mwaka mzima, Eli! Tumekaa pamoja, tumeongea mpaka habari za majina ya watoto!"

"Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi."

"Mimi?"

"Unakumbuka siku ile Mtera, tuko ukingoni mwa bwawa? Uliweka sikio lako hapa kifuani, ukafumba macho. Nikakuuliza unasikiliza nini. Ukasema, namsikiliza Joshua ananicheka." Elisante alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mwenzako nilikuwa ndiyo nimejiandaa kukuambia nakupenda. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, huyu mtoto wa watu anampenda nani? Na sasa umejua. Humu ndani hakuna mtu mwingine. Niko mimi peke yangu. Bado unanitaka?"

Ni swali jepesi kuulizwa, na wanawake wengi wamelijibu kwa neno moja. Zipora alisimama nalo kama mtu aliyepewa mtoto wa mgeni ashike. Siku ile Mtera aliikumbuka vizuri, upepo wa bwawani, harufu ya shati lake, ule mdundo sikioni. Alikuwa amefiwa, na mdundo ule ulikuwa umempa usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Alimpenda nani pale? Alijitafuta ndani, hakupata. Alitaka kumpiga kofi na alitaka kumkumbatia, na vyote viwili vilimjia kwa mkono uleule.

"Ondoka," alisema.

Elisante aliitikia kwa kichwa, akaokota koti lake.

"Usiondoke," alisema Zipora.

Akasimama.

"Sijui, Eli! Usiniangalie hivyo, sijui. Nimekasirika, nimefurahi, nataka kulia. Leo asubuhi nilikuwa naposwa."

"Kuna jingine," alisema Elisante. "Bora uyajue yote leoleo. Walichorekebisha ni damu. Mbegu ya uzazi haikuguswa. Nikipata mtoto wa kiume atakuwa salama, lakini binti yangu, kila binti yangu, atalibeba lile kosa, na anaweza kumpa mwanawe. Kama mama yangu alivyonipa mimi bila kujua."

"Unaniambia hayo ili nikukatae?"

"Nakuambia ili nisikufiche tena." Alitazama upande wa nyumba. "Mimi nimeshaamua. Sitamwambia mama. Nitarudi ndani, nitamwomba radhi mzee Batholomeo, nitasema nilikosea, mimi ni kaka yako. Nitaendelea kuja Jumapili. Wewe utapata mtu mwingine, mzima tangu kuzaliwa. Mama hana kitu kingine, Zipora. Nikimnyang'anya na hiki atabaki na nini?"

"Na mimi nitabaki na nini?"

Swali hilo lilimtoka kabla hajalipima, na lilimshtua yeye kuliko lilivyomshtua Elisante. Waliangaliana. Macho ya Elisante yalikuwa mekundu, yamechoka, hayakufanana na ya Joshua hata kidogo. Joshua alikuwa na macho madogo ya utundu. Ilikuwaje hajawahi kuliona hilo? Zipora aligeuka akaelekea jikoni, mbiombio, asije akabadili nia.

Mama yake alikuwa ameinama juu ya chungu, anapiga mlenda kwa upekecho, kwa nguvu kuliko mlenda unavyohitaji. Sebuleni wale wazee wawili walisikika wakizungumzia mvua, kama wanaume wanavyofanya jambo likiwashinda.

"Wageni watakula," alisema Mama Joshua bila kuinua kichwa. "Posa imeharibika lakini watu hawaondoki na njaa kwangu. Mwite kaka yako aje achukue maji ya kunawa."

"Mama, weka upekecho chini."

"Utaganda."

"Uache ugande. Mama, Joshua hakutoa uboho."

Upekecho uliendelea kuzunguka.

"Alikwenda kutoa," alisema Zipora, "na alitaka kutoa. Vipimo vikakataa. Madaktari wakachukua damu ya Elisante mwenyewe, wakaitengeneza, wakamrudishia. Iliyomo ndani yake ni yake. Ya Joshua haikuingia."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Sasa hivi."

"Anasema hivyo ili akuoe."

"Hapana, mama. Amekataa kunioa. Anasema afadhali awe kaka yangu kuliko wewe uyajue haya. Mimi ndiye ninayekwambia."

Upekecho ukasimama. Mama Joshua aliketi kwenye kigoda, akaweka mikono mapajani. Alipozungumza, swali lake halikuwa lile Zipora alilolitarajia.

"Joshua alijua?"

"Alijua."

"Na hakuniambia?"

"Alitaka. Aliona haya."

"Haya? Kwangu mimi? Mwanangu alinionea haya mimi?"

"Ulikuwa umewaambia watu wote, mama. Kanisa zima. Akaona akirudi mikono mitupu..."

"Mikono mitupu! Si alimrudisha mwenzake mzima? Nilitaka nini kingine?" Alisema hivyo kwa hasira, na palepale akakumbuka alichokuwa anataka. Alijifunika mdomo kwa kiganja. Yule mbuzi, zile shangwe, yeye mwenyewe amesimama katikati ya uwanja anasimulia jinsi mifupa ya mwanawe ilivyotobolewa, na Joshua pembeni anatazama chini, ananyamaza. Alikuwa amedhani ni unyenyekevu. Alikuwa amemsifu hata kwa huo unyenyekevu.

Zipora alipiga magoti, akamshika mama yake magotini. Alijichukia. Alitamani kuyarudisha maneno kinywani na kuyameza, waende wakale mlenda, Elisante aje anawishe wageni, mambo yawe kama jana.

"Kwa hiyo yule," alisema Mama Joshua, "ni Elisante tu."

"Ni Elisante tu."

"Mwanangu ameisha wote."

"Mama..."

"Usinibembeleze. Nijibu. Wewe unamtaka? Huyo Elisante tu, asiye na Joshua, na ugonjwa wa ukoo wao. Unamtaka?"

Na hapo, akiwa magotini jikoni, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, Zipora alilisikia jibu likitoka kinywani mwake kabla hajaamua kulitoa.

"Namtaka, mama. Nisamehe. Namtaka yeye."

Kisha akaogopa, kwa sababu hakujua kama ni kweli, au kama imekuwa kweli muda uleule alipolisema.

Mama Joshua alinyanyuka kwa kushikilia ukuta, akajipangusa, akatoka nje. Zipora alimfuata nyuma.

Elisante alikuwa anakuja kwenye njia ile nyembamba kati ya jiko na nyumba. Alipowaona alijua. Uso wa Zipora ulimwambia yote. Akaja mbio, mkono ameunyoosha mbele, ule mkono wa kila Jumapili, maneno yanamwagika.

"Mama, nisamehe. Mama yangu, nisamehe, sikutaka, nilitaka Joshua mwenyewe..."

Mama Joshua alisimama. Aliutazama ule mkono. Zipora aliona vidole vya mama yake vikinyanyuka kidogo, kwa mazoea, vinautafuta mshipa, vikafika nusu ya njia na kurudi. Mama alishika pindo la khanga aliyojitanda mabegani, akaivuta ikapanda kichwani, ikashuka mpaka ikafunika uso. Akageuka ubavu. Akaiacha njia, akaingia kwenye majani makavu pembeni, ili Elisante apite bila kumgusa.

"Mama?" Elisante alisema. Mkono wake ulibaki hewani. "Mama, hutaki hata kuniangalia?"

Khanga haikufunuka.

"Basi," alisema Elisante. "Ni haki yako. Nimekudanganya, ni haki yako. Naenda."

Alikuwa amelelewa pale Mvumi tangu utotoni, lakini nyumbani kwao walikuwa Wapare, na mambo mengine ya Wagogo alikuwa ameyasikia tu, hayajamkuta. Zipora ndiye aliyeyajua. Alimwona bibi yake akifanya hivi, na shangazi zake, kila mmoja kwa mume wa binti yake: kujifunika uso mbele yake, kumpisha njia, kutomshika mkono wala kula naye chungu kimoja. Mtoto wa kuzaa haheshimiwi namna ile. Mgeni wa kawaida pia hafanyiwi. Kuna mtu mmoja tu ambaye mama wa nyumba humwachia njia.

"Eli, simama," alisema. "Hajakufukuza. Usimshike, usimsogelee. Mama mkwe hashikwi mkono."

Elisante aligeuka. "Mama mkwe?"

Jumapili zake zilikuwa zimeisha, jamvi na chungu cha mlenda vimeisha, na alikuwa amepewa mke. Yote yamefanyika kwa kipande kimoja cha khanga, na kijana alisimama anawatazama wanawake wale wawili bila kujua ashukuru au aombe tena radhi. Mabega ya Mama Joshua yalianza kutikisika. Halafu sauti ikamtoka, ile sauti ya siku ya mazishi ambayo siku ile aliizuia, kubwa, ya mama aliyefiwa leo hii. Wazee wakatoka sebuleni kuuliza kuna nini. Zipora, aliyepata alichokiomba, alisimama katikati ya njia mama yake upande mmoja, Elisante upande mwingine, asijue amkimbilie nani kwanza.